Dawa ya Mmea Nayo Huzoewa

Kuna hoja nimechoka kuisikia: eti bakteria hawawezi kuwa sugu kwa mitishamba kwa kuwa ni dawa ya asili. Anayesema hivyo hajapata kuupasua mmea akatazama ndani. Katika tishu zilizojaa kemikali zile zile tunazozisifu kwa kuua vijidudu, wamo bakteria wanaoishi raha mustarehe, na mmea wala hauugui.

Tuanze na soya. Ndani ya vinundu vya mizizi yake huishi Bradyrhizobium, bakteria anayeigeuza nitrojeni ya hewani ikamfaa mmea. Bakteria huyo ana pampu, yaani protini zilizopachikwa kwenye utando wa seli, zinazonasa molekuli ngeni na kuzitupa nje. Watafiti walipoiondoa mojawapo ya pampu hizo, mambo mawili yalijitokeza. Bakteria alidhurika kwa urahisi zaidi na kanamaisini na jentamaisini, antibiotiki za hospitalini. Na kwenye soya kazi yake ya nitrojeni ikadorora vibaya, ilhali kwenye kunde aliendelea kama kawaida. Mimi naona hapo soya ina kitu chake ambacho mpangaji huyu lazima akitoe nje kila siku. Na pampu haichagui. Anayefua maji chomboni haulizi kama ni ya mvua au ya wimbi.

Wengine hawaishii kusukuma sumu nje, huivunja pia. Pseudomonas syringae (huyu ni mharibifu, si mpangaji mwema) ana jeni zinazomwezesha kuhimili sulforafani, ile kemikali ya mimea ya jamii ya kabichi. Akinyang'anywa jeni hizo, hufanya vibaya kwenye majani ya Arabidopsis, mmea mdogo wa jamii hiyo hiyo ya kabichi.

Kisa kinachonisisimua zaidi ni cha Medicago, mmea wa ukoo mmoja na lusini. Huu huwamwagia bakteria wa vinunduni peptidi, yaani vipande vifupi vya protini, na jeni zake za kutengeneza peptidi za aina hiyo ni takriban 700. Nyingi zingeweza kuua. Bakteria asiye na protini iitwayo BacA hufa mara tu anapoingia ndani ya seli za mmea. Aliye nayo huokoka, lakini huvimba, hurefuka na kupoteza kabisa uwezo wa kuzaana, huku akiendelea kuutengenezea mmea nitrojeni. Vitabu huuita uhusiano huu ushirika wa kunufaishana. Mimi ningeuita kifungo chenye chakula.

Ila niwe mkweli: wapenzi wa mitishamba wana hoja moja ambayo siwezi kuipuuza. Mimea ya jenasi Berberis hutengeneza berberini, kemikali ya kupambana na bakteria, ambayo bakteria Staphylococcus aureus huitupa nje kwa pampu yake iitwayo NorA. Mwaka 2000 ilichapishwa kwamba mimea hiyo hutengeneza pia kemikali ya pili, ambayo peke yake haiui bakteria hata kidogo. Kazi yake ni kuiziba ile pampu. Kwa hiyo mmea nao umejibu, na mchanganyiko si sawa na kemikali moja. Lakini huwezi kuusifu mchanganyiko huo huku ukikana kwamba usugu upo. Kizibo hicho kina maana tu kwa sababu pampu ipo. Na anayechuja berberini peke yake akaitia kwenye vidonge, kizibo amekitupa pamoja na makapi.