Fundi, nako haipigwi nyundo!

Hivi nani aliwadanganya mafundi wetu kwamba kila kitu cha chini ya gari dawa yake nyundo? Gari imeingia shimo, nako ya mbele, kile chuma kinachoshika tairi, imepinda, sawa, inabadilishwa, lakini boljointi, kile kiungo chake cha kuzunguka, ikigoma kutoka jamaa anaanza kuitwanga kama anavunja kokoto wakati pula, kifaa cha kuing'olea, ipo pale ukutani inaning'inia tu, na sensa ya ABS, ya breki za kuzuia tairi kujifunga, imechomekwa hapohapo, ikipasuka taa inawaka kwenye dashibodi anakwambia "bosi hiyo haina shida". Haina shida kwako! Halafu beringi ya tairi jamani, ile inaingizwa na presi, mashine ya kukandamiza, ukiigonga itavuma tu. Na Gerezani, kwenye maduka ya spea Dar, usiende bila nako ya zamani mkononi, maana ya kushoto si ya kulia na kama gari ina ABS wanaweza kukupa isiyo na tundu la sensa. Ila kilichonimaliza kabisa ni yule aliyeniambia tuokoe hela, tuipashe moto tuinyooshe. Nako! Kitu kinachoshika tairi! Na ukitaja alaimenti, yaani kupanga matairi yakae sawa, baada ya kazi wanakuona unaringa, "ipo freshi bosi, we endesha", huku usukani umelala upande.