Ubahili wa Milimita 9

Bastola yenyewe niliipendea bei tu. Ilikuwa Glock 22 iliyotumiwa na polisi, imechubuka ubavuni kwa kuchomolewa na kurudishwa kwenye ala, lakini ndani nzima. Hapa Texas maduka yalijaa za aina hiyo, na kwa nini zilijaa ni hadithi ambayo shemeji yangu huisimulia kila nyama inapowekwa jikoni.

Mwaka 1986, kule Miami, FBI walirushiana risasi na majambazi wawili. Majambazi waliuawa, lakini maofisa 2 nao walikufa, na lawama ikaangukia risasi ya milimita 9. Wakahamia ya milimita 10, ikawa inawarusha watu mikono kama wanapunga ndege. Ikafupishwa, na mwaka 1990 ikazaliwa .40, yaani sehemu 40 za mia za inchi. Polisi wa nchi nzima wakaikimbilia. Baadaye FBI hao hao wakarudi kwenye milimita 9, polisi wakawafuata nyuma, na bastola za .40, kama hii yangu, zikamwagwa madukani. Ndipo nikatokea mimi na pochi yangu nyembamba.

Sikufikiria kwamba bastola hula. Risasi za .40 ni ghali kuliko za milimita 9, na mimi nikienda uwanjani Jumamosi sitosheki na boksi moja. Shemeji akaniona nahesabu risasi moja moja kama mwenye duka la peremende.

"Shemeji, nunua mtutu wa milimita 9 uuchomeke humo humo," akasema. "Kwa nje umechongwa sawa na huo wako, tofauti ni tundu tu. Magazini ya Glock 17 yangu, ambayo ni ya milimita 9, itaingia bila shida. Ila usije ukajaribu kinyume chake, slaidi ya milimita 9, lile gamba la juu la bastola, ni nyembamba pale inaposhika kitako cha risasi, .40 haikai."

Mtutu ukaja kwa posta kama viatu. Kwa sheria ya Marekani bunduki ni lile fremu lenye namba. Mtutu ni kipuri tu, mtu haulizwi kitu. Nikaubadilisha kwa dakika moja, nikaenda uwanjani, ukapiga vizuri ajabu. Kuanzia hapo nikawa sishikiki. Kila aliyekuja nyumbani nilimfungulia bastola mezani nikamweleza jinsi nilivyowashinda wenye viwanda.

Mama mkwe akaja kutoka Tanga kututembelea miezi mitatu. Ijumaa moja usiku nikakaa sebuleni kusafisha. Risasi zimefungiwa chumbani, bastola imefunguliwa, na mezani nimelaza mitutu yote miwili, maana na ule wa zamani nao ulihitaji mafuta usishike kutu. Ikatoka sauti jikoni: wali wa nazi umeiva. Wa Tanga wenzangu wanajua, wali ule hauambiwi subiri. Nikaondoka nilivyo.

Niliporudi nimeshiba, macho mazito, mezani palikuwa na mtutu mmoja. Nikajiambia ule mwingine nimeshauweka kabatini. Nikauchomeka uliopo, nikafunga slaidi, nikalala.

Asubuhi tukaenda na shemeji. Nikajaza risasi za milimita 9, nikalenga karatasi hatua 7, nikavuta.

Badala ya mlio ikatoka kitu kama mtu aliyepiga chafya ndani ya blanketi. Ganda likakwama. Karatasi nzima, haina hata mkwaruzo. Mtu mwenye akili angeweka chini. Mimi nikawalaani waliotengeneza risasi, nikavuta slaidi kwa mkono, ganda likadondoka, nikapiga tena. Chafya. Safari hii karatasi ikapata tundu, lakini la urefu, kama tundu la kifungo cha kanzu. Risasi ilikuwa imefika ubavu ubavu, imelala.

Shemeji akanyamaza, jambo lisilo la kawaida yake. Msimamizi wa uwanja, mzee wa Kimarekani mwenye tumbo la heshima, akaja akaniamuru niiweke chini, akaokota ganda na kulishikilia kwenye mwanga. Lilikuwa limevimba katikati kama chatu aliyemeza mbuzi, na ubavuni lina ufa.

"Bastola hii ni ya ngapi?"

"Milimita 9," nikajibu kwa fahari. "Slaidi imeandikwa .40, lakini nimebadilisha mtutu."

Akanyoosha kidole kwenye lile tundu la kutokea maganda, ambapo mtutu unaonekana. Palikuwa na maandishi makubwa ambayo kipofu angeyasoma kwa kupapasa: .40. Risasi nyembamba, bomba pana. Ilikuwa inapita humo kama mtoto aliyevaa gambuti za baba yake.

"Ganda likipasuka," akasema yule mzee taratibu, "ile gesi hutafuta njia ya kutokea. Na aliye karibu ni wewe."

Hapo ndipo magoti yaliponielewa. Shemeji alikuwa ameshaenda kusimama mbali, anasoma mabango ya ukutani kana kwamba hatukuja gari moja. Tukafukuzwa kwa siku hiyo, na ada ya uwanja haikurudishwa. Jumla ya risasi nilizopiga: mbili. Gawanya mwenyewe ujue kila moja ilinigharimu kiasi gani, mimi nilifanya hesabu hiyo mara moja tu na sitairudia.

Nyumbani tukapekua kabati, sanduku, mpaka chini ya makochi. Mtutu hakuna. Sebule nzima inanukia udi. Shemeji akanigusa kwa kiwiko, akaonyesha kwa kidevu juu ya rafu, pembeni ya picha ya harusi yangu. Mtutu wangu wa dola 100 na ushee umesimamishwa wima kwenye kisahani, na ndani yake kijiti cha udi kinafuka moshi polepole, moshi ukitokea mdomoni kabisa kama bastola iliyotoka kupiga.

"Shikamoo, mama," nikasema, kwa kukosa la kusema.

"Marahaba, mwanangu. Umekiona kile kibomba? Kilikuwa kimezagaa mezani, nikakipatia kazi." Akatabasamu. "Kama unacho kingine niletee, nikaweke na chooni."