Eti hamkuona hata tone?

Kundi letu la WhatsApp la wapiga picha linawaka moto tangu Jumamosi. Tulikwenda kupiga picha za macheo Hell's Gate, ile hifadhi karibu na Naivasha, na mwelekezi alikataa kutushusha korongoni kwa sababu ya wingu jeusi lililotanda mbali, upande wa milimani, na sasa kuna waungwana wanadai warudishiwe pesa. Eti juu yetu kulikuwa kweupe. Eti hawakuona hata tone.

Tone! Korongo halisubiri mvua ikunyeshee utosini. Inanyesha huko juu, mbali na macho yako, kwenye ardhi kavu iliyokakamaa isiyonywa maji upesi, kisha yote yanateremka kwa mkupuo kupitia njia moja, na njia hiyo ndiyo umesimamisha tripodi yako. Pale chini kuna mahali ukinyoosha mikono unakaribia kugusa kuta zote mbili, na mwamba umelainika hadi juu ya kichwa chako. Unadhani nani aliupiga msasa? Aprili 2012 maji yaliwasomba vijana wa kanisa humo humo. Septemba 2019 yakaua watu saba, mwelekezi akiwa miongoni mwao. Na ninyi mnaotumiana picha za Antelope Canyon, lile korongo la jangwani Arizona: tarehe 12 Agosti 1997 watalii 11 walifia ndani yake kwa mvua iliyonyesha kilomita nyingi kutoka hapo. Siku hizi huko huingii bila mwelekezi, na akisema hapana, ni hapana.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba watu wanalilia macheo yasiyofika huko chini! Jua likichomoza, mwanga wake huja ubavu; sakafu ya korongo jembamba hubaki gizani hadi jua lipande. Ile miale ya Arizona inayowatoa udenda hupigwa karibu na adhuhuri. Macheo hupigwa ukiwa ukingoni, miamba inaposhika wekundu. Tena sisi wa ikweta hatuna muda wa kupiga miayo: jua letu hupanda wima, na ukiinama kubadilisha lenzi, wekundu umeshakwenda zake.

Halafu hayo mawingu mnayoyatukana. Anga tupu ni picha ya kalenda ya duka la hadwea. Wingu jepesi la juu ndilo hushika rangi. Haya, nakubali shingo upande: likiwa zito na limeketi mashariki, huna chako, unarudi na picha za kijivu na foleni ya magari ya Waiyaki Way, Nairobi, juu yake. Na ndiyo, mwelekezi angeweza kutuonya mapema tuwahi ukingoni, badala ya kutuacha tubishane naye jua likichomoza.

Mimi narudi wikendi hii, mvua inyeshe isinyeshe, na sishuki. Anayekuja alete lenzi ndefu, koti na turubai dogo la kufunika kamera. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku 2017, msinitie matatani getini.