Gari za mziki nyumbani tunazo, mashindano ndiyo hatuna

Kila nikiongea na mabarobaro wa kwetu Mombasa kuhusu mashindano ya mziki wa gari ya uku Marekani jibu ni lile lile, ati uko wana pesa sisi hatuna. Mimi sikubali kabisa. Niko Indiana miaka mingi sasa, majira ya joto wikendi zangu zaishia kwenye paking za maduka ya mziki wa gari nikiangalia watu wakipimwa nguvu ya sauti ya gari zao, na nawaambia wazi wale washindani wengi ni watu wa kazi za kawaida, dereva wa lori, mtu wa godauni, fundi wa mabomba, na gari lenyewe lina kutu mpaka kwenye milango. Alafu nikirudi nyumbani naona nganya moja, yaani matatu iliyopambwa, ya Rongai karibu na Nairobi imefungwa spika na skrini za pesa ambazo yule jamaa wa Indiana hajawahi kuzishika kwa pamoja. Pesa iko. Mafundi wako. Kinachokosekana ni kipimo ambacho kila mtu anakiamini, na bila icho hakuna mashindano, kuna shoo tu.

Uku inavyokwenda ni hivi. Maiki ya kupimia inabandikwa kwenye kioo cha mbele upande wa abiria, mahali pale pale kwa kila gari, milango na vioo vinafungwa, unapewa muda wako unapiga toni moja ya besi sekunde chache tu, namba inatokea kwenye skrini na kila mtu anaiona. Ikiandika desibeli 143.6 (desibeli ndiyo kipimo cha ukubwa wa sauti) ni 143.6, haijui wewe ni binamu wa nani wala umekuja na marafiki wangapi. Wayne Harris, yule Mmarekani aliyejulikana kwa Cadillac yake ya kubebea maiti aliyoijaza spika, ndiye alianzisha dB Drag Racing, mashindano ya gari lenye sauti kubwa zaidi, miaka ya 90, na kipimo cha Term-LAB kinachotumika sehemu nyingi ni kazi yake pia. Kwa hivyo mtu akipimwa Florida na mwengine akipimwa Ohio, namba zao zaweza kuwekwa pamoja na watu wakabishana kwa hoja.

Sasa nyumbani. Safari moja nilipokuja likizo nilienda kuona shindano la mziki wa gari, watu walijaa kweli, raha ilikuwepo, lakini wakati wa kumtafuta mshindi DJ akashika maiki akauliza umati nani zaidi, na aliyekuja na vijana wake wamejaa kwenye tuktuk ndiye aliyepigiwa kelele nyingi akachukua kikombe. Kulikuwa na fundi mmoja pale na Probox yake, boksi la spika amelipigia hesabu mwenyewe, mbao nzito, tundu la hewa limekatwa kwa kipimo, besi yake ilikuwa safi mpaka unaisikia kifuani bila bodi kutetemeka. Yule fundi alifunga mlango wa nyuma akaondoka kabla zawadi hazijatolewa. Iyo iliniuma sana, manake mashindano yanajengwa na watu kama yeye, mashabiki wanakuja wakishaona mafundi wanachuana kikweli.

Jambo la pili ni madaraja, yaani kugawa magari kwa makundi, na hapa ndipo waandalizi wa kwetu wanaposhindwa ata wakiwa na nia nzuri. Desibeli haziongezeki kama shilingi. Ukitaka desibeli 3 juu ya ulizonazo unahitaji nguvu ya ampi, kile kifaa cha kukuza sauti, mara mbili, ukitaka 10 ni mara kumi, kwa hivyo ukiwaweka wote kwenye kundi moja mwenye pesa atashinda leo, kesho na mtondo, na wale wengine watakaa nyumbani. Uku wanagawa kwa ukubwa wa wufa, yaani spika za besi, zimefungwa wapi, gari limekatwa kiasi gani, kijana mwenye wufa moja ya inchi 12 anapambana na mwenzake mwenye moja, na akishinda ni bingwa wa daraja lake na jina linaandikwa. Nyumbani nimeona basi la abiria 33 na gari dogo la Vitz kwenye mstari mmoja! Kabini ndogo inapandisha besi kirahisi, basi lina hewa nyingi ya kusukuma, sasa hapo umelinganisha nini?

Lakini msidhani uku ni peponi. Vyama ni vingi, kuna IASCA, kuna MECA, kuna dB Drag, Ulaya kuna EMMA, na kila kimoja na kitabu chake cha sheria, mtu anafungua gari anafunga upya ili aingie kwengine. Majaji wa upande wa usafi wa sauti, wale wanaokaa kwenye kiti cha dereva na nyimbo za majaribio wakisikiliza kama sauti ya mwimbaji inatokea katikati ya dashibodi au imeanguka mlangoni, wengi naowaona ni watu wazima na vijana wa kuwarithi ni wachache. Na kinachowamaliza zaidi ni magari mapya. Redio siku izi imeungwa na esi, kamera ya nyuma, mpaka mlio wa mkanda, ukiigusa umegusa gari zima, kijana ananunua gari lina mziki mzuri wa kiwandani anaacha hivyo hivyo. Maduka yanakosa wateja, na maduka ndiyo yanayotoa paking na zawadi.

Sisi tuko kinyume chake na hatuoni. Kenya gari nyingi zatoka Japani zikiwa zimetumika, redio inasoma Kijapani, na FM ya Japani inaanzia 76 na haifiki mpaka 108, wakati stesheni zetu ziko kati ya 88 na 108, kwa hivyo karibu kila mwenye gari ashawahi kusimama mbele ya fundi wa redio akaulizwa unataka kubadilisha au nikuwekee kiongezi, kile kifaa cha kuifanya redio ya Kijapani ishike stesheni zetu. Yaani mteja analetwa mpaka mlangoni na gari lenyewe! Pita Luthuli Avenue pale Nairobi uone maduka yalivyopangana. Yale maduka yakikubali kununua kipimo kimoja kwa pamoja na kukizungusha Nairobi, Mombasa, Nakuru, Kisumu, msimu mzima utasimama. Afrika Kusini wana EMMA yao na majaji wao, wao ni Waafrika wenzetu wanaoendesha kushoto kama sisi, kumualika jaji kutoka uko aje awafundishe vijana wetu kumi ni rahisi kuliko kumtoa Ulaya.

Kuna suala la kelele na serikali. Kanuni za kelele za NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya, ziko tangu 2009, kibali unaomba kaunti, na askari wa trafiki na nganya wamekuwa wakikimbizana tangu enzi za Michuki, yule waziri wa uchukuzi aliyewabana wenye matatu. Mwandalizi akisema mashindano ya mziki wa gari, ofisa anawaza disko la mtaani mpaka alfajiri, na kwa vile tulivyozoea kuyafanya namuelewa. Ndo mana nasisitiza kipimo, gari likipimwa limefungwa vioo na linapiga sekunde chache, na lile shindano la usafi wa sauti ukiwa nje husikii kitu. Nendeni na kitabu cha sheria mkononi, mseme kila gari litakaguliwa fyuzi iko ndani ya sentimita 45 kutoka kwenye betri, manake waya zinazofungwa bila fyuzi ndizo zinazounguza magari, na zile waya za alumini zilizopakwa shaba zinauzwa kwa bei ya shaba kila mahali. Mseme watoto hawaingii kwenye gari linalopimwa na vizibo vya masikio vitagawiwa mlangoni. Sauti ya desibeli 100 sikio lisiisikilize zaidi ya dakika 15 kwa siku, hizi za 140 hazina mchezo.

Nganya wapewe daraja lao peke yao, na hapa kuna kitu ambacho ukitoa mfano wa Marekani unakosa jibu, uku gari la mashindano limepaki wiki nzima likingoja Jumamosi, kwetu lile gari ni kazi ya mtu, likisimama siku moja dereva na makanga hawana hesabu ya kumpelekea tajiri. Waandalizi wanawaita halafu wanawangojesha kutoka asubuhi mpaka magharibi kwenye jua. Kupima gari ni dakika chache, sasa wapangieni saa, nganya nambari moja saa moja asubuhi Jumapili, nambari mbili saa moja na robo, apimwe, apewe karatasi yake yenye namba, arudi steji kubeba abiria. Sako, vile vyama vya wenye matatu, zenyewe zitachangia zikiona hivyo, manake iyo karatasi itabandikwa juu ya mlango wa gari na kila abiria ataisoma.