Mafuta ya lavenda na wasiwasi: ushahidi wa kidonge unapouzwa kwenye chupa

Wauzaji wengi wa mafuta ya kunukia ya mimea hutuambia kwamba sayansi imethibitisha lavenda hutuliza wasiwasi. Kauli hiyo ina ukweli, ila sehemu kubwa ya ukweli wenyewe haiihusu chupa wanayotuuzia.

Utafiti wenye uzito zaidi ni wa Silexan, kidonge laini chenye miligramu 80 za mafuta ya lavenda, kinachotengenezwa Ujerumani na kumezwa kila siku kwa wiki kadhaa. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2010, kilipunguza wasiwasi wa muda mrefu karibu sawa na miligramu 0.5 za lorazepam, dawa ya hospitali ya kutuliza wasiwasi. Mwaka 2014 kikalinganishwa na paroxetine, dawa nyingine ya wasiwasi, na waliokimeza wakapata nafuu kuliko waliopewa dawa bandia. Tena hakileti uraibu unaohofiwa kwa lorazepam. Anayeyaita haya ushirikina mtupu hajayatazama. Hata hivyo, miligramu 0.5 za lorazepam ni dozi ndogo, na mengi ya majaribio hayo yalifadhiliwa na watengenezaji wenyewe.

Kunusa ni habari nyingine. Hapa majaribio mengi ni madogo, na yana kasoro ngumu kuondoa: mshiriki hunusa na kujua papo hapo amepewa nini, kwa hiyo matarajio yake huchanganyika na matokeo. Lakini siwezi kusema harufu haifanyi kitu. Neva za kunusa zina njia fupi hadi sehemu za ubongo zinazohusika na hofu na kumbukumbu. Watafiti wa Kagoshima, Japani, walionyesha mwaka 2018 kwamba panya walionusa linalooli, kemikali iliyo kwa wingi katika lavenda, walipungukiwa na hofu. Wale walioharibiwa uwezo wa kunusa hawakubadilika. Na kwa binadamu, utafiti wa Vienna wa mwaka 2005 ulikuta wagonjwa waliokuwa wakimsubiri daktari wa meno wametulia zaidi chumba kilipotiwa harufu ya chungwa au lavenda.

Hofu ya kumsubiri daktari wa meno, lakini, hukwisha siku hiyo hiyo. Mtu ambaye wasiwasi umemnyima usingizi kwa miezi, au umemfanya aache kazi, anahitaji tiba ya mazungumzo au dawa, na naumia kuona akiuziwa chupa baada ya chupa huku ugonjwa ukikomaa. Kwa hofu za kupita, kama ya mtihani au safari, sioni sababu ya kumzuia mtu kunusa.

Kunywa mafuta ya chupani ndiko nakokataa kabisa. Kidonge cha utafiti kina kipimo kinachojulikana; chupa haina. Mafuta mengine ya kunukia, kama ya mkaratusi, yakimezwa na mtoto, hata kidogo, yanaweza kumletea degedege. Kwenye ngozi nako yachanganywe kwanza na mafuta ya kawaida, na chupa ifungwe vizuri: linalooli ikikutana na hewa kwa muda mrefu hutoa kemikali zinazosababisha mzio.