TV ya chogo ndo imenipiga kichwa, sio mimi

Wadau najua wengi mmeshaipata stori kwa yule rafiki yangu, naona mpaka stika keshatengeneza, kwamba eti nimeipiga TV kichwa kwa hasira. Muongo huyo! TV ndo imenipiga mimi.

Iko hivi. Ile TV ya chogo, inchi 29, ilikuwa juu inakula vumbi tu tangu tununue flati, nikasema leo naishusha. Sasa anayezijua hizi anaikumbatia kioo kikiwa kifuani, maana uzito wote uko mbele kwenye kioo, huko nyuma ni plastiki na kishingo cha glasi tu. Mimi nikaweka chogo tumboni, kioo mbele, eti nione ngazi vizuri (msicheke bado). Kilo 40 na ushee zinanivuta, na yule rafiki yangu yuko chini huko, "njoo njoo mwanangu, bado kidogo", simu mkononi. Nikadhani ananimulikia tochi, kumbe anarekodi.

Karibu na chini mzigo ukaniponyoka. Ikagonga ngazi kwa kona, ikajigeuza, ikatua sakafuni wima, marumaru ikapasuka, kioo kinanitazama mimi. Na mimi ndo nakuja, mguu mmoja uko hewani, mwingine hata sijui ulipo. Sasa kile kioo kimebinuka, halafu kikiwa kimezimwa ni cheusi, kwa hiyo nikajiona. Najiona kadogo kule mbali, mdomo wazi, mikono imetanuka, halafu naanza kukua. Pua inakua kuliko vyote. Na akili badala ya kutafuta pa kushika inanikumbusha kwamba mle ndani hamna hewa, kikipasuka vipande vinaruka chumba kizima. Nikafumba macho. Nikaona kimya, nikafumbua nicheki kama nimeshafika. Bado. Nikakutana na jicho langu mwenyewe, kubwa kama sahani, nalo limeshtuka kuniona.

DUNG!

Sio chwaa, jamani. Dung, na mlio ukabaki unazunguka ndani ya kichwa changu.

Kioo hata mkwaruzo hakina. Mimi nina nundu hadi kofia haikai, na simu iliyokuwa mfuko wa shati, ile mliyoambiwa kioo chake kigumu, imekuwa utando wa buibui.

Fundi akaja, akacheka kwanza mpaka akakaa chini. "Kaka, hicho kioo hewa ya nje inakisukuma kwa zaidi ya tani 2 usiku na mchana, pembeni kimefungwa mkanda wa chuma, sasa kichwa chako kiongeze nini?" Yeye alikuwa anaiogopea shingo ya nyuma tu, kule glasi ni nyembamba, na akanikataza kabisa kufungua kifuniko maana ndani kuna volti zaidi ya 20,000 na zinaweza kubaki hata ukichomoa waya. Akawasha. Ikalia dwiiing, vinyweleo vya mkono vikasimama, picha hiyoo.

Kuipandisha tena nani? Jana tumechomeka zile waya tatu, nyekundu, nyeupe na njano, tukaangalia mpira palepale chini ya ngazi, yule rafiki yangu kwenye kiti, mimi na barafu kwenye paji. Na ile video bado hajaifuta, msimuombe awatumie.