Kadi zangu za Uingereza zilivyokwama Buzuruga

Shangazi aliishika kadi kwa ncha za vidole, kama anaogopa kuichafua. Akaigeuza nyuma, akaifungua, akaisogeza kwenye mwanga wa dirisha. Kisha akaniuliza kwa upole kabisa, "Mwanangu, sasa hii ni ya watu wangapi?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimebeba kadi 150 kutoka Reading, Uingereza, hadi kwetu Buzuruga, Mwanza, zawadi yangu kwa harusi ya mdogo wetu wa mwisho. Zilikuwa na maua ya rangi ya dhahabu, muhuri wa nta, kikaratasi cha kujibu kama unakuja au huji, na kibahasha cha kurudishia jibu hilo. Kila kitu kilikuwemo, isipokuwa neno moja ambalo mtoto yeyote wa Buzuruga anajua linakaa kona ya chini ya kadi: Singo au Dabo.

Miaka tisa ya ughaibuni ilinisahaulisha kazi ya kadi. Nilidhani ni pambo. Nilidhani pia nawapunguzia gharama, kumbe nimewaletea mzigo.

Kwa asiyejua mambo yetu, harusi ya Mwanza ina kadi mbili. Ya kwanza ni ya mchango, na inatoka mapema, miezi mitatu hata minne kabla ya siku yenyewe. Maneno yake tunayajua kama sala: familia ya Bwana na Bibi fulani inayo furaha kukujulisha kuwa inatarajia kumuozesha kijana wao mpendwa, hivyo unaombwa mchango wako wa hali na mali, umfikie mweka hazina au aliyekuletea kadi hii kabla ya tarehe fulani. Chini zinafuata namba za simu za kutumia pesa. Hapo unaahidi, unalipa ahadi kidogo kidogo, na jina lako linasogea kwenye daftari la mweka hazina. Kadi ya pili, ya mwaliko, inakufuata ukishamaliza. Ukichanga kiwango cha mtu mmoja unapata singo, ukichanga cha wawili unapata dabo, na vijana wa mlangoni ukumbini hawasikilizi hadithi.

Kwa hiyo kadi ya mwaliko kwetu ni risiti, halafu ni kiti, halafu ni sahani ya chakula. Uzuri unakuja mwisho kabisa. Mialiko ya bure ipo, inatangazwa kanisani Jumapili tatu mfululizo, na kwenye ibada anaingia yeyote.

Sasa tuje huku Uingereza kwa wenzetu. Mwaka jana mwenzangu wa kazini aliolewa. Kadi ya kwanza ilikuja kwenye baridi, ya kunitaka tu niitunze tarehe. Ya pili, ya mwaliko wenyewe, ikaja Mei, na harusi ni Agosti. Ndani naulizwa nitakula kuku, samaki au chakula kisicho na nyama, na kama kuna kitu kinanidhuru. Miezi mitatu kabla! Kwetu unakula kilichopo, na ukichelewa foleni unakuta pilau limebaki lakini nyama imekwenda na waliowahi.

Aliniambia jinsi alivyohangaika na gharama, na nilimwonea huruma kweli. Huku kadi inakwenda kwa posta, na Aprili 2025 stempu ya daraja la kwanza ilipanda ikawa pauni 1.70, ya daraja la pili peni 87. Si hilo tu. Barua ya kawaida isizidi unene wa milimita 5 wala uzito wa gramu 100. Ukishabandika nta, ukafunga utepe, ukatia vikaratasi vitatu ndani, imeshakuwa barua kubwa na bei yake ni nyingine. Bibi harusi mtarajiwa alikuwa anakaa jikoni na rula na mizani ya unga. Mwishowe aliondoa utepe, na wale wa kualikwa jioni tu, baada ya chakula, akawaandikia kwenye simu.

Ndiyo, wapo wa jioni tu. Mtu unafanya naye kazi meza moja, halafu unamwalika aje kucheza muziki wakati wengine wameshakula. Hakuna anayenuna. Mwanza ungetengwa.

Kilichonichekesha zaidi kilikuwa mwisho wa bahasha. Kikadi kidogo chenye beti mbili za shairi: nyumba tunayo, sahani na taulo tunazo, kuja kwenu kunatosha, lakini kama moyo unakusukuma, tuchangieni safari ya fungate. Namba ya akaunti ikafuata. Nilicheka peke yangu kwenye basi. Miaka yote hiyo nilikuwa naona aibu kuwaeleza wazungu habari ya kadi ya mchango, maana walishaniuliza kama tunauza tiketi za harusi. Kumbe na wao wanayo, ila wameivalisha shairi na kuitoa kwa kuchelewa. Kati ya mbili hizi naipenda yetu inayosema wazi: tuna shughuli, tunahitaji pesa, tarehe ni hii.

Lakini sitaki niwe yule mtu wa nje anayesifia kila cha nyumbani kwa sababu hakimgusi. Kadi za mchango zimezidi. Nina dada mwalimu ambaye kuna mwezi alipokea nne, mbili za sendofu na mbili za harusi, na mshahara ni ule ule. Sisi wa majuu tunatumiwa picha ya kadi kwenye WhatsApp na mtu ambaye hajatusalimia miaka sita, bila hata "habari za siku nyingi". Na lipo lililo baya zaidi, ambalo kamati hazipendi kulisema kwa sauti: jirani aliyeahidi akashindwa, labda mtoto aliugua, labda ziwa halikumpa samaki msimu ule, siku ya harusi anakaa kwake anasikiliza muziki. Katika hili Waingereza wametushinda. Huyo mwenzangu wa kazini hakumuuliza mgeni yeyote ametoa nini.

Turudi kwenye kadi zangu. Nililipa karibu pauni 190, yaani zaidi ya laki sita kwa pesa ya kwetu. Kwenye stesheneri ya mjini, upande wa Makoroboi, kijana aliitazama kadi yangu, akaipima unene kwa kidole na kusema angenitengenezea inayofanana nayo, na bahasha yake, kwa shilingi elfu moja. Laki moja na nusu kwa zote. Bila nta, ndiyo, lakini nta zenyewe nyingine zilikuwa zimeshapasuka ndani ya begi.

Yule kijana alinifundisha mengi kwa nusu saa. Karatasi ngumu ya A4, ya gramu 300 kwa mita ya mraba, inatoa kadi nne za A6, na bahasha za ukubwa huo zinapatikana kila duka. Ukitaka umbo la ajabu, la mraba au refu kama rula, karatasi inapotea kwenye kukata na bahasha lazima itengenezwe kwa mkono. Kadi chache, mia au mia mbili, ni nafuu kuchapa kwa mashine ya kompyuta. Zikiwa maelfu ndipo inalipa kutengeneza pleti ya kuchapia na kutumia mashine kubwa. Rangi moja juu ya karatasi yenye rangi yake, akasema, inapendeza kuliko watu wanavyodhani, na kwa kadi ya mchango inatosha kabisa. Hiyo anaisoma mtu mara moja, anaichomeka kwenye kioo cha kabati, baada ya hapo kazi yake ni kumkumbusha deni.

Halafu akaniambia jambo ambalo huku Uingereza lingeonekana wazimu: usichape kadi za mwaliko mapema. Idadi haijulikani. Watu wa Mwanza wanamalizia ahadi wiki mbili za mwisho, wengine siku mbili. Mimi nilichapa 150 Septemba kwa harusi ya Desemba, wakati kamati ilikuwa haijajua kama ni watu 200 au 400. Msimamo wangu sasa ni huu: pesa ya kadi nyumbani hailiwi na rangi wala karatasi. Inaliwa na haraka ya kuchapa kabla daftari la michango halijatulia, na kuchapa mara ya pili.

Vijana wa kamati walitaka tuachane na makaratasi kabisa. Siku hizi kuna kadi za kwenye simu zenye msimbo, mlangoni unaskaniwa na mtu hawezi kuingia mara mbili kwa kadi moja. Ni nafuu, ni salama, na mimi niliunga mkono. Baba mdogo, mwenyekiti wetu, alisikiliza mpaka mwisho kisha akasema, "Ya mwaliko sawa, wekeni kwenye simu. Ya mchango hapana. Ya mchango mtu apelekewe na miguu."

Niliona ni ukaidi wa wazee hadi nilipozunguka naye kugawa kadi za mchango zilizobaki. Tangu 2022 nyumba zimepewa namba na mitaa majina, lakini barua bado haikufuati mlangoni, na Bugarika bodaboda inakuacha chini, unapanda mwenyewe kwa miguu katikati ya mawe. Tulimkuta mama mmoja anayeuza dagaa mwaloni Kirumba, anaosha miguu nje. Baba mdogo hakutoa kadi. Aliuliza hali, akauliza wajukuu, akanywa maji, ndipo akaitoa kwa mikono miwili. Yule mama hajui kusoma vizuri. Alipitisha kidole juu ya jina la mdogo wangu, akaingia ndani, akatoka na elfu tano iliyokunjwa mara nne. "Nyingine nitamalizia, baba." Picha kwenye simu ingepokewa na mjukuu wake, ikapitwa.

Za ndugu wa Sengerema na Geita zilikwenda kwa kondakta wa basi, ambalo sasa linapita Daraja la J.P. Magufuli pale Kigongo na Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, badala ya kupanga foleni ya kivuko. Za Ukerewe alipewa mtu anayepanda meli ya Nansio. Nauli na soda za kugawa kadi zilizidi bei ya kuzichapa, na hakuna mjumbe hata mmoja aliyelalamika.

Mwisho wa yote kadi zangu za dhahabu zilifanya kazi. Katibu alikwenda kuchongesha mihuri miwili ya mpira, mmoja SINGO, mwingine DABO, tukakaa sebuleni usiku tunagonga wino wa bluu juu ya maua ya Uingereza. Zilipelekwa kwa wazee, wakwe na viongozi wa kanisa, waliobaki wakapata ya simu. Vikaratasi vya kujibu hakurudisha mtu, isipokuwa shemeji wa mama kutoka Magu, aliyejaza kwa kalamu, akakibeba siku ya harusi yenyewe na kumkabidhi kijana wa mlangoni.

Vibahasha vya majibu vilibaki vyote. Mama anavitumia kutolea sadaka.